Washenga wanapanda Marangu, baba anakunywa: nimfiche?

Anti, shikamoo.

Wakwe zangu watarajiwa wanapanda Marangu mwezi wa kumi na mbili kuleta mahari, na badala ya kufurahi kama wenzangu nimeanza kukosa usingizi. Mimi ni binti wa miaka 30, mhasibu, kifungua mimba wa watoto wanne, naishi Tabata. Barua ya posa ilijibiwa na baba mdogo aliyeko Arusha kwa niaba ya ukoo. Lakini mahari inapokelewa kihambani, nyumbani kwa ukoo, na kihambani yupo baba.

Baba anakunywa. Wazee wengi wa kwetu hupitia kilabuni jioni, kata moja mbili, wakarudi kuwakatia ng'ombe majani. Hao siwazungumzii. Baba anaamka anatetemeka mpaka apate ya kwanza, ndipo mkono unatulia aweze kushika kikombe cha chai. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu wazima kijijini bado wanamwita Mwalimu, hata wale wanaomuokota mtaroni. Alianza na mbege kama kila mtu, akaja kwenye viroba. Serikali ilipovipiga marufuku viroba Machi 2017 nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikajua tumepona. Haukupita muda akahamia gongo.

Nikiwa mdogo nilijua usiku utakuwaje kwa kusikiliza njia. Baba akija anaimba wimbo wa kanisani kuanzia kule kwenye mfereji, tulikuwa salama: atatuamsha, atatuuliza jedwali la saba, atacheka, atalala na viatu. Akija kimya, namwamsha mdogo wangu wa kiume, namfunga wa mwisho mgongoni, tunatokea mlango wa jikoni na kupita kwenye migomba mpaka kwa bibi. Mama alikuwa anabaki. Asubuhi tunarudi kuvaa sare kama watu waliolala kwao. Hakuna aliyeliongelea, hata bibi. Alitupa ndizi za kuchoma na kutuambia tuwahi namba.

Mshahara wake sikuwahi kuujua ulikoishia. Ada yangu ya bweni ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na mama aliilipa kwa kupika mbege. Ndiyo, Anti. Mama yangu alichemsha ndizi, akasaga ulezi, akawauzia waume wa wenzake ili mimi nisome, huku mume wake akinywa kwa mkopo kilabu cha jirani. Mchochea moto nilikuwa mimi. Mpaka leo nikisikia harufu ya ulezi uliooteshwa sijui kama nichukie au nishukuru.

Na bado ndiye aliyenifundisha kusoma. Kabla sijaanza darasa la kwanza alinikalisha juu ya magunia ya kahawa, akashika kidole changu na kukipitisha juu ya herufi zilizopigwa chapa kwenye gunia. Asubuhi sana, kabla siku haijamchukua, sijaona mwanaume mpole kama yeye. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningeshamaliza naye.

Sasa tatizo lenyewe. Mchumba wangu ni mtu wa Mbeya, baba yake ni mchungaji, kwao pombe haiingii hata kwenye utani. Mwanzoni kabisa nilipoulizwa habari za baba nilisema ana kisukari, ndiyo maana amekonda na hasafiri. Uongo huo umekua. Mama mkwe ananitumia kwenye simu orodha za vyakula vya kumpa. Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu Moshi mjini, baba alishika kipaza sauti wakati wa nasaha, akalia, akaangukia meza ya keki. Video ikazunguka kwenye grupu la ukoo. Tangu siku hiyo sijaongea naye. Namtumia mama hela, nasikia nyingine zinalipa madeni ya kilabuni, nanyamaza.

Baba mdogo ana mpango. Siku tatu kabla ya wageni, vijana wamfungie baba chumba cha uani, apewe uji na maji tu, "akauke", halafu siku yenyewe avalishwe koti, akae na wageni kidogo na kurudishwa ndani. Ikishindikana, apelekwe kwa ndugu zetu Rombo na adanganywe kwamba wageni wanakuja wiki inayofuata. Shangazi naye ana dawa ya unga aliyoinunua kwa mtu, ya kumchanganyia kwenye chai bila mwenyewe kujua. Mama hataki lolote kati ya hayo. Aliniambia, "Ukimficha baba yako umenificha na mimi, maana ndimi niliyekaa naye." Anataka nipande mapema na jani la isale, ambalo kwetu Wachaga hubebwa na anayeomba msamaha, nipatane na baba kwanza. Mimi naona mwenye kubeba isale alipaswa kuwa baba.

Mdogo wangu, yule niliyekuwa namwamsha usiku, sasa anaendesha bodaboda Himo, na nimesikia ameanza. Mimi sinywi. Lakini mchumba wangu akija kunitembelea jioni, nasikiliza hatua zake kwenye ngazi kabla hajagonga. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake, Anti, na mimi nasikiliza hatua.

Nimfiche baba? Nimwambie mwenzangu ukweli wakati wazee wake wameshapanga safari? Na je, ni dhambi kwamba kuna usiku nimetamani Desemba ifike baba akiwa hayupo kabisa?

Kifungua Mimba, Dar es Salaam

*

Marahaba, binti yangu, na pole.

Maswali yako nitayafikia. Kuna jambo moja tu halisubiri, nalo ni mpango wa baba yako mdogo. Kwenye safu hii huwa simwamulii mtu mambo yake, ila hapa naomba nikuambie wazi: baba asifungiwe.

Mtu anayeamka akitetemeka mpaka apate ya kwanza, mwili wake umeshazoea pombe kiasi kwamba ukiikata ghafla unageuka dhidi yake. Jasho, kutetemeka na kutapika huanza ndani ya saa chache. Degedege linaweza kuja kati ya saa ya 6 na ya 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kisha, kuanzia siku ya pili mpaka ya nne hivi, wapo wanaochanganyikiwa kabisa: wanaona watu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda, moyo unakimbia, na wengine hufa. Ziweke siku hizo sambamba na siku tatu za baba mdogo. Wageni wa Mbeya wanapiga hodi, na huko uani kaka yake yuko katikati ya hali hiyo, peke yake, mlango umekomelewa kwa nje. Nina hakika hakusudii hivyo. Amekusudia kuokoa heshima ya ukoo, na watu wengi wanaamini ulevi ni kama nguo iliyolowa, ukiianika inakauka. Mpigie umweleze, au mwambie muuguzi yeyote unayemfahamu amweleze, maana huenda akamsikiliza mgeni kuliko wewe.

Kuacha kunawezekana, hata kwa mtu wa miaka mingi. Kwa hali ya baba yako kunaanzia hospitalini, ambako atapewa dawa za kuutuliza mwili na kuzipunguza kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa imewaishia. Hamhitaji kumleta Dar: Moshi kwenyewe kuna KCMC na kuna Mawenzi. Na kwa kuwa anakunywa gongo, siku akisema macho yana ukungu au haoni vizuri, msingoje asubuhi. Gongo haina anayeipima, na ikiwa na methanoli ndani inaweza kumpofusha mtu.

Unga wa shangazi nao utupwe chooni. Zipo dawa halali zinazomfanya mtu augue akinywa, lakini daktari huzitoa kwa mtu aliyekubali, aliyepimwa ini na moyo, na anayejua kitakachompata akigusa kilevi. Kumtilia mtu kwa siri kitu cha namna hiyo, halafu yeye akaenda zake kunywa gongo, ni kumtega. Na kama unga huo si dawa hizo, basi hakuna kati yenu anayejua ni kitu gani.

Haya, hilo limepita. Sasa tukae.

Nilivyokuelewa ni hivi. Una baba unayempenda na unayemwonea aibu, na hujaongea naye tangu ile keki. Una mchumba ambaye ulimpa jibu jepesi siku ulipoulizwa jambo zito, na jibu lile limeota mizizi mpaka kwa mama yake. Una siku moja ya Desemba ambayo wote hawa watakaa uwanja mmoja, na kila mtu katika ukoo ana mpango wake, nawe unaulizwa uchague mpango upi. Umeniuliza, "Nimfiche?" Kabla ya kujibu nami nakuuliza: umfiche nani asimwone?

Kijiji kinamjua. Ukoo uliangalia video. Waliobaki ni wageni wa Mbeya, na hapo tafakari kidogo. Mshenga anayejua kazi yake hasafiri kutoka Mbeya mpaka mguuni mwa Kilimanjaro bila kuuliza watu pale Himo au Moshi mjini: yule mzee mwalimu ni mtu wa namna gani, wale watoto wamelelewaje. Sisemi wanajua. Nasema huna uhakika kwamba hawajui, na mambo mengi umeyajenga juu ya uhakika huo. Inawezekana mchungaji alishaambiwa zamani, akanyamaza kwa adabu, akingoja msichana mwenyewe aseme akiwa tayari.

Na hicho kisukari, mama yangu! Nimecheka, nikaumia. Fikiria mama mkwe anafika kihambani na unga wa dona aliousaga mwenyewe kwa ajili ya mgonjwa. Nani ataupokea? Utalazimika kumlinda baba na pombe iliyopo, na juu yake kumlinda na ugonjwa ambao hauna mtu. Kulinda ndiyo kazi uliyoianza ukiwa na mtoto mgongoni usiku katikati ya migomba. Ulikuwa mdogo ukapewa kazi ya mtu mzima, na kwa kweli uliifanya vizuri, wadogo zako wapo. Nadhani ndiyo maana hatua za kwenye ngazi bado zinakushtua. Huna wazimu, wala humshuku mchumba wako. Masikio yako yalifundishwa kazi hiyo mapema, na hayajapata mtu wa kuyaambia kwamba zamu imekwisha. Wengi waliokulia kwa mzazi mlevi wanafanana nawe hapo: wanasoma uso wa bosi kabla hajafungua mdomo, wanaomba radhi kwa makosa ya wengine, wanakuwa wahasibu wazuri sana. Hilo la mwisho nakutania.

Mwaka 1935, huko Akron, jimbo la Ohio, Marekani, wanaume wawili walevi walianza kukutana ili kusaidiana wasinywe, na hapo ndipo chama cha AA kilipozaliwa. Mke wa mmoja wao, Lois Wilson, alikuja kuona kwamba wake na watoto nao wana maumivu yao, hata mume akiwa ameacha, na mwaka 1951 akashiriki kuanzisha Al-Anon kwa ajili ya ndugu wa walevi. Huko wana maneno matatu wanayoambiana: hukusababisha, huwezi kudhibiti, huwezi kuponya. La kwanza na la tatu nakupa bila masharti. Yule msichana aliyechochea moto wa mbege hakumlevya baba yake, wala ufaulu wake shuleni haukupaswa kumponya. La pili, nakiri, kwetu lina kona zake. Ni rahisi kusema "siwezi kudhibiti" mahali ambapo kila mtu ana mlango wake. Wewe una ukoo, na ukoo huwa unampigia simu mwenye kazi Dar. Lakini hata ndani ya ukoo, kuna kuulizwa na kuna kubebeshwa, na nahisi wewe umebebeshwa.

Tuje kwenye siku yenyewe.

Tuseme baba hayupo. Kaka akiwa mgonjwa au mbali, mdogo wake kusimama kupokea mahari si jambo geni, na binti haolewi pungufu kwa sababu hiyo. Kinachonitia wasiwasi ni namna ya kumkosesha. Kuwakilishwa kuna heshima yake, mzee anaweza kusema mwenyewe, "Mdogo wangu asimame, mimi sitaweza." Kudanganywa tarehe ni kitu kingine. Rombo si mbali, na habari ya mahari hufika kilabuni kabla ya mbuzi. Atasikia kwa mtu mwingine, huku akinywa, kwamba binti aliyemfundisha kusoma ameozwa nyuma ya mgongo wake. Utaweza kuishi na hilo? Labda utaweza, wapo walioweza, kwa kuwa waliyoyapitia yalikuwa mazito zaidi. Na mama yako je, aliyekwisha kukuambia atalihesabu vipi?

Tuseme yupo. Basi tusijidanganye kwamba atakuwa hajanywa. Mtu wa hali yake asubuhi ile atakuwa amepata ya kutuliza mkono, na kwa tuliyosema hapo juu, afadhali hivyo kuliko degedege mbele ya wageni. Shughuli inaweza kuanza saa tatu asubuhi badala ya mchana. Nasaha zinaweza kusemwa na mwingine. Anaweza kukaa na mwanaume mmoja anayemheshimu, labda mwalimu mwenzake wa zamani, ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo tu, na akiona mambo yanaharibika anamwinua taratibu, "Mwalimu, twende tukaangalie ng'ombe." Mtu huyo asiwe wewe, wala asiwe mdogo wako. Na hata mkipanga hivyo vyote, meza ya keki inaweza kujirudia. Jiulize ikijirudia nini hasa kitatokea. Ndoa itavunjika? Au utaona aibu kubwa jioni nzima, na kesho yake wageni wataondoka wakiwa wamemwona baba mkwe wa kijana wao alivyo?

Shughuli kuihamishia Arusha kwa baba mdogo naiona ina faida ndogo. Swali litaulizwa kwa nini, na mtahitaji uongo wa pili.

Wengine watakushauri uahirishe mpaka baba apone. Ningeogopa kidogo kuifunga ndoa yako kwenye chupa yake. Hata wanaotibiwa vizuri wengi huteleza na kuanza upya, na tarehe yako ikiwa ndiyo kipimo, kila kuteleza kwake kutakuwa kosa alilokutendea wewe. Hospitali ni njia nzuri, Desemba iwepo isiwepo.

Katika barua yako nimeona mpango wa baba mdogo, dawa ya shangazi, isale ya mama na maswali yako. Sikuona mahali ambapo baba ameulizwa. Pengine umeshaona haulizwi mlevi. Lakini umesema asubuhi sana ni mpole, na umesema asubuhi anatetemeka. Hiyo ni saa ileile. Saa ya kuongea naye huenda ni fupi sana, pale mkono umeshatulia na akili bado haijaondoka. Mama anaijua dakika hiyo kuliko daktari yeyote. "Baba, wageni wanakuja. Unataka siku hiyo iweje kwako?" Anaweza kulia. Anaweza kuahidi hatakunywa, na ahadi hiyo usiishike kwa nguvu, wala usimlaumu ikivunjika, kwa sababu mwili wake ulishaacha kumtii. Anaweza pia kukushangaza kwa kuomba mwenyewe apumzishwe.

Hapo ndipo isale inapoingia. Nimekuelewa unapoona zamu ni yake. Mtoto aliyetolewa kitandani usiku hana deni la msamaha kwa aliyemtoa, na yeyote atakayekuambia unalo, hata akiwa mama, ana haki ya kusema na wewe una haki ya kukataa. Nadhani mama anawaza jambo dogo kuliko hilo: msifike Desemba mkiwa hamsalimiani. Kama moyo wako unataka kumaliza ule ukimya, jani linatosha kuumaliza. Likibebwa kama dawa ya kumwachisha pombe litakuangusha. Na kama bado hujafika hapo, unaweza kupanda mikono mitupu, ukasema shikamoo, ukaishia hapo kwa safari hii.

Mchumba wako. Nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa naona ndiyo unayoiogopa zaidi. Ukimwambia kuna hatari za kweli. Anaweza kukasirika, na nadhani atakasirikia kisukari kuliko gongo. Anaweza kumweleza baba yake, mchungaji akataka kufika na waombaji wamwombee mzee. Hilo ni la baba yako kukubali au kukataa, na maombi hayajawahi kumzuia mtu kwenda Mawenzi. Anaweza, Mungu aepushe, kusita. Usipomwambia hatari zipo pia, ila zinasogea mbele: atajua akiwa uwanjani kwenu, wazazi wake wamekaa kulia na kushoto, na itabidi aamue namna ya kukutazama mbele ya watu wote. Wewe unamjua kijana huyu, mimi simjui. Huwa anapokeaje habari mbaya? Anapoambiwa jambo gumu hunyamaza, huuliza, au huondoka? Uliwahi kumwona akikosewa na mtu anayempenda? Majibu yako hapo yatakuongoza kuliko mimi. Ukiamua kusema, usianze na baba. Anza na wewe: zile hatua za kwenye ngazi. Akielewa kwa nini unasikiliza, mengine yatafuata yenyewe.

Kwa mdogo wako nitakuwa mfupi, ingawa ananiuma. Tafiti za mapacha zinaonyesha karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mlevi hutokana na kurithi. Nusu nyingine haipo kwenye damu, kwa hiyo hajaandikiwa. Usimpeleleze. Mwite mkale pamoja mahali, mkumbushane wenyewe kwa wenyewe yale ya kupita kwenye migomba, ambayo nina hakika hamjawahi kuyataja. Huenda naye anadhani ni yeye tu anayeyakumbuka. Tena yuko juu ya pikipiki; ikibidi kugombana naye, mgombane kuhusu hilo.

Umeuliza kama ni dhambi kutamani baba awe hayupo. Mimi si mchungaji, ila nimesoma barua nyingi za watoto wa walevi, na sentensi hiyo naikuta karibu kila mara, mara nyingi mwishoni, imeandikwa haraka. Nionavyo mimi, wanaoiandika hawatamani mtu afe. Wanatamani kusikiliza njia kuishe. Tafuta mtu wa kukaa naye kwa hilo, mshauri nasaha au mtu wa kanisani anayejua kutunza siri. Na hela unazotuma, zungumza na mama kama nyingine mzilipe moja kwa moja, dukani au kwenye umeme, badala ya kupita mkononi mwake, ambako ni vigumu kumnyima mume aliyekaa mlangoni anadaiwa.

Jambo la mwisho, dogo, ila tangu nisome barua yako linanisumbua. Mahari ya kwenu ina mbege ndani yake, na wakwe zako hawanywi. Nani ataipika? Nina hofu jibu ni mama, kwa mazoea, na hakuna atakayemuuliza. Siku hizi familia nyingi huikubali mbege ya kwenye orodha kwa thamani ya pesa, au huandika soda, na wazee hawagombani sana ilimradi mbuzi wawepo. Hilo ni la kikao cha ukoo, baba mdogo anaweza kulipeleka. Lakini kabla halijafika kikaoni, mpigie mama umuulize yeye binafsi kama anataka kupika siku hiyo. Anaweza kusema hataki kuona pipa. Anaweza pia kukuambia kwamba mbege ya mahari ya binti yake hapiki mtu mwingine. Nami sijui ningeanzia wapi kumbishia.

Niandikie ukishaongea na baba mdogo.

Anti